Denmark hawana dawa ya kunenepesha nguruwe, wacha niwaambie ukweli

Watu wa nyumbani wakinipigia siku hizi swali ni moja tu, eti huko mnalisha nguruwe nini mpaka wananenepa hivyo. Wanadhani kuna dawa nawaficha. Mimi niko Jutland, huku Denmark, mwaka wa tano sasa, nafanya kwa shamba ya nguruwe, na chakula yao ni ngano, shayiri na soya, na hiyo soya nyingi inatoka Amerika Kusini kwa meli, kwa hivyo si eti wanaipata bure.

Wiki yangu ya kwanza bosi aliinama kwa kihori akachota na vidole viwili unga iliyolowa pale pembeni, akanionyesha bila kusema kitu, halafu akaenda akakaza ile bolti ya kushusha chakula, robo mzunguko hivi. Robo tu! Nikasema moyoni huyu mzungu ni mchoyo kweli. Kumbe chakula ndio inameza zaidi ya nusu ya gharama yote, kwao na kwetu pia, sasa unga ikimwagika unamwaga faida. Hapa nguruwe wa kunenepeshwa anakula chini ya kilo 3 kuongeza kilo moja ya mwili, na hiyo namba kila mtu shambani anaijua kama jina la mtoto wake.

Sasa kuja kwetu Butula, kule Busia, Kenya. Mdogo wangu analisha kwa tairi iliyokatwa, nguruwe anaingia na miguu yote, anakojolea humo, nusu inaenda kwa matope, halafu jioni ananitumia voisi akilia bei ya chakula imepanda. Imepanda ndio, sikatai. Lakini nikamuuliza nguruwe ana kilo ngapi akasema "ni mkubwa tu." Mkubwa aje? Nikamwambia achukue tepu ya mama ya kushonea, apime mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, apime urefu toka katikati ya masikio mpaka mwanzo wa mkia, yote kwa mita, azidishe mzingo mara mzingo mara urefu mara 69.3. Si mizani lakini inakaribia. Mwezi wa kwanza nguruwe alitoka kama kilo 50 akafika 60, na alikuwa amepewa kilo 60 za chakula. Kilo 6 kwa kilo moja, jameni! Tukapigilia mbao juu ya kihori kipya asiingie, tukampa dawa ya minyoo, na maji yakae siku nzima badala ya ndoo moja asubuhi, juu nguruwe akikosa maji hata chakula anaacha. Mwezi uliofuata ikashuka ikakuwa kama 4, na hatujabadilisha chakula hata kidogo.

Mahali Denmark wanatushinda kabisa ni gunia. Hapa ikiandikwa protini kiasi fulani, iko. Mwaka jana nikiwa likizo tulinunua gunia ya groa, ile chakula ya nguruwe wanaokua, kwa duka moja sitaitaja, nikamwaga konzi moja kwa glasi ya maji, chini ikatulia mchanga safi wa kujengea. Omena, yaani dagaa wa kuchanganya kwa chakula, pia hivyo hivyo, uliza mtu yeyote ananunua ya kusagwa. Ndio maana watu wanaamua kujichanganyia, sawa, lakini soya ikaangwe kwanza, ikiwa mbichi inazuia nguruwe kutumia protini, na mahindi yenye ukungu usimpe ukidhani unaokoa.

Kitu kingine, makombo ya hoteli. Ulaya imepigwa marufuku kabisa. Kwetu siwezi kusema watu waache, hiyo ndio inafanya mtu wa plot aweze kufuga, lakini ichemshwe nusu saa ikitokota, juu makombo yenye nyama ya nguruwe yanaweza kuleta homa ya nguruwe ya Afrika, na hiyo haina tiba na ikiingia zizi moja kijiji kizima kinalia. Huu ugonjwa dunia iliusoma mara ya kwanza kutoka Kenya hii yetu, 1921. Halafu majani ya viazi vitamu, nguruwe anayala, yako kila mahali huko kwetu tunayatupa, mimi huku nikikumbuka naumia.

Mdogo wangu sasa anataka nimtumie pesa ya mizani ya dijitali. Nimemwambia kwanza arudishe tepu ya mama, mama ana suruali za wanafunzi zinamngoja.