Kosa kubwa la Nuri al-Said halikuwa Waingereza

Usiku wa tarehe 13 Novemba 1929, waziri mkuu wa Iraq, Abd al-Muhsin al-Sa'dun, aliketi nyumbani kwake Baghdad akamwandikia barua mwanawe Ali, kisha akajipiga risasi. Barua aliiandika kwa Kituruki, lugha ya dola ya Uthmaniya aliyoitumikia ujanani. Alimwomba mwanawe amsamehe. Akamweleza kilichomfikisha pale: taifa linangoja kutumikiwa, Waingereza hawakubali, na yeye hana wa kumuunga mkono. Watu, alisema, wanamwona msaliti na mtumishi wa Waingereza, ilhali ameitumikia nchi yake kwa moyo safi.

Hiyo ilikuwa mara yake ya nne kushika uwaziri mkuu. Kila ninaposoma habari za wanasiasa wa Iraq ya kifalme hurudi kwenye barua hiyo, maana ndani yake yamo mashtaka na utetezi pamoja, vyote kwa mkono wa mtu mmoja.

Mabishano kuhusu watu hawa, na zaidi kuhusu Nuri al-Said, waziri mkuu aliyeuawa katika mapinduzi ya 1958, hayajaisha mpaka leo. Kwa kizazi kilichoshangilia mapinduzi hayo yaliyouangusha ufalme, walikuwa vibaraka waliouza nchi kwa London ili wabaki kwenye viti vyao. Lakini baada ya miongo ya mapinduzi, udikteta na vita, wako Wairaki wanaoutazama ufalme ule kwa macho mengine, wakasema wale wazee walijua kuipima nguvu ya nchi yao na kujadiliana kwa busara. Mimi naona kila upande umeshika kipande cha ukweli, ila pande zote mbili zinabishana juu ya swali ambalo si lenyewe.

Tuangalie kwanza kazi yenyewe ilivyokuwa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mikoa mitatu ya Uthmaniya, yaani Mosul, Baghdad na Basra, iliunganishwa ikawa nchi moja. Mwaka 1920 Uingereza ilipewa nchi hiyo kwa udhamini, yaani iisimamie mpaka iweze kujitawala, na udhamini wa jina hilohilo ndio uliowekwa juu ya Tanganyika. Wairaki wakaasi mwaka huohuo. Uasi ulizimwa kwa ndege na mizinga, lakini gharama zake ziliwashtua wakubwa wa London, wakaona nafuu nchi itawaliwe na mfalme wa Kiarabu wao wakiwa nyuma yake. Wakamleta Faisal, mtoto wa Sharifu Hussein wa Makka, ambaye Wafaransa walikuwa wamemfukuza Damascus. Alitawazwa tarehe 23 Agosti 1921. Nchi haikuwa hata na wimbo wa taifa, kwa hiyo bendi ikapiga ule wa mfalme wa Uingereza.

Kila wizara ikawa na waziri Mwiraki na mshauri wake Mwingereza. Kwa Kiarabu anaitwa mustashar, neno lenye mzizi mmoja na mshauri wetu. Sisi tunajua kwamba ushauri ni kitu mtu anaweza kukipokea au kukiacha. Huko Baghdad, mkataba wa 1922 ulimtaka mfalme mwenyewe aongozwe na ushauri wa Kamishna Mkuu wa Uingereza katika mambo yote makubwa yaliyogusa fedha, mahusiano ya nje na maslahi ya Uingereza. Waziri aliamka asubuhi akiwa na mfalme wa kumridhisha, kamishna wa kumsikiliza, masheikh wa makabila waliojaa bungeni, na magazeti yaliyokuwa tayari kumwita msaliti kabla ya jua kuzama. Al-Sa'dun aliishi hivyo miaka saba.

Wengi wa wanasiasa hao walikuwa maofisa wa zamani wa jeshi la Uthmaniya waliomfuata Faisal tangu Uasi wa Waarabu wa 1916 dhidi ya dola hiyo. Wawili kati yao ndio ninaotaka kuwatazama kwa karibu: Nuri al-Said, mtoto wa Baghdad aliyezaliwa 1888, na Jafar al-Askari. Walikuwa mashemeji kwa pande mbili, kila mmoja amemuoa dada wa mwenzake. Jafar alianza vita akipigana dhidi ya Waingereza. Walimkamata magharibi mwa Misri mwaka 1916 wakamfungia katika ngome ya Cairo. Akafunga mablanketi akayafanya kamba, akaanza kushuka ukutani usiku. Alikuwa mtu mnene sana. Kamba ikakatika, akaanguka akaumia mguu, wakamrudisha ndani. Baadaye, aliposikia kwamba Waturuki wamewanyonga wazalendo wa Kiarabu huko Shamu, alibadili upande na kumfuata Sharifu. Nauliza: mtu wa namna hiyo tumwite kibaraka? Alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, na mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa Mwingereza.

Hoja ya wanaowatetea inaanzia hapo. Siasa ya Faisal na watu wake ilijulikana kwa maneno mawili ya Kiarabu, khudh wa talib: chukua, kisha dai. Chukua unachopewa leo, kesho udai kilichobaki. Ukifuata mikataba yao utaona hawakuwa wakisema ovyo. Mkataba wa 1922 ulikuwa wa miaka 20, na mwaka uliofuata, chini ya al-Sa'dun huyuhuyu, muda huo ulikatwa sana. Nuri akawa waziri mkuu mwaka 1930 na kutia saini mkataba mpya uliofungua njia ya uhuru, na tarehe 3 Oktoba 1932 Iraq ikaingia Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, ikiwa nchi ya kwanza kutoka katika udhamini. Syria na Lebanon, zilizokuwa katika daraja moja la udhamini na Iraq, zilingoja mpaka miaka ya 1940 kuwaona askari wa Ufaransa wakiondoka. Tanganyika, iliyowekwa daraja la chini, ilingoja hadi 1961. Hayo ni matunda, na anayeyadharau hajawauliza wale waliongoja.

Tena Nuri hakuwa mtu wa kuitikia tu. Mwaka 1943 aliwapelekea Waingereza pendekezo la kuziunganisha Syria, Lebanon, Palestina na Jordan kuwa dola moja na kuifungamanisha na Iraq, jambo ambalo London haikulitaka kwa namna hiyo. Mawazo yake yalichangia mazungumzo yaliyozaa Umoja wa Nchi za Kiarabu mwaka 1945.

Lakini mkataba wa 1930 ulikuwa na bei. Uingereza ilibaki na kambi mbili za ndege, moja karibu na Basra na nyingine magharibi ya Baghdad, kwa miaka 25, na Iraq iliahidi kushauriana nayo katika siasa za nje. Ili mkataba upite, Nuri alivunja bunge na kuitisha uchaguzi uliompa wabunge aliowataka. Hapo ndipo ninapoanza kuachana na watetezi wake. Mkataba waweza kuwa ulikuwa bora uliopatikana. Njia iliyotumika kuupitisha ilimfundisha Nuri kwamba ridhaa ya watu ni kitu cha kupangwa.

Kisha ukaja mwaka 1936. Mwezi Oktoba Jenerali Bakr Sidqi alipindua serikali. Jafar alikuwa waziri wa ulinzi, na ndiye aliyeliasisi jeshi lile. Alitoka Baghdad kwa gari akiwa na barua ya Mfalme Ghazi, mwana na mrithi wa Faisal, akitumaini kuzungumza na maofisa wale na kuwarudisha nyuma. Wakamuua njiani. Nuri akakimbilia ubalozi wa Uingereza, akatolewa nchini kwa ndege yao. Sidhani mtu anaweza kumwelewa Nuri wa miaka iliyofuata bila siku ile. Jeshi la nchi yake limemuua shemeji yake, na waliomwokoa ni wageni. Simhalalishii aliyoyafanya baadaye. Nasema tu kwamba imani yake kwa Waingereza haikununuliwa kwa fedha, na hofu yake kwa watu wake haikuwa ya kubuni.

Hofu hiyo iliongezeka mwaka 1941, pale makanali wanne na Rashid Ali al-Gaylani walipochukua madaraka wakiitegemea Ujerumani. Uingereza ilipigana na jeshi la Iraq mwezi mzima wa Mei na kulishinda. Nuri na Abd al-Ilah, aliyekuwa akishika ufalme kwa niaba ya Faisal wa Pili aliyekuwa mtoto mdogo, walirudi chini ya kivuli cha mizinga ya kigeni, na makanali wote wanne wakaishia kwenye kitanzi. Tangu hapo, kwa Wairaki wengi, ufalme ulikuwa umeshajitenga nao. Mwaka 1948 Salih Jabr, Mshia wa kwanza kuwa waziri mkuu, alitia saini mkataba mpya huko Portsmouth. Baghdad ikalipuka, watu wakapigwa risasi kwenye daraja, Jabr akajiuzulu na kukimbia. Mkataba ukafa kabla wino haujakauka.

Sasa nifike kwenye ninaloliona kuwa shitaka lenyewe. Mwaka 1952 Iraq ilipata mgawo wa nusu kwa nusu na kampuni za mafuta, na mapato yakapanda karibu mara kumi katika miaka michache. Kulikuwa na Bodi ya Maendeleo, iliyoundwa 1950, na asilimia 70 ya fedha za mafuta ilikwenda huko. Mabwawa yalijengwa, na mradi wa Tharthar uliofunguliwa 1956 uliiokoa Baghdad na mafuriko ya Tigris. Ni kazi kubwa, na serikali nyingi zenye mafuta hazijaweka akiba ya namna hiyo.

Ila tazama nje ya tuta la mto, pembezoni mwa Baghdad hiyohiyo. Huko walikaa maelfu ya wakulima waliokimbia kusini, katika vibanda vya matete na udongo, bila maji safi wala choo. Walikuwa wanakimbia nini? Walikuwa wanakimbia mashamba ya masheikh. Sheria ya 1933 ilimzuia mkulima mwenye deni kuondoka shambani kabla hajalilipa, na mkulima gani hakuwa na deni? Waingereza ndio waliowakuza masheikh hao, ni kweli. Lakini sheria ilipita bungeni Baghdad baada ya udhamini kwisha. Mabwawa yaliyojengwa kwa fedha za mafuta yalikuwa yakiandaa maji kwa ardhi ya watu walewale. Nuri alizihitaji kura zao bungeni, kwa hiyo hakugusa ardhi yao.

Na bunge lenyewe? Juni 1954 ulifanyika uchaguzi ulio huru kidogo, wapinzani wakapata viti vichache tu. Hata hivyo vichache Nuri hakuvivumilia. Aliporudi madarakani mwezi Agosti alivunja bunge hilo, akafunga vyama vyote, kikiwemo chake mwenyewe, na katika uchaguzi uliofuata zaidi ya viti 100 kati ya 135 vilipita bila mpinzani. Hakuna Mwingereza aliyehitajika kwa kazi hiyo. Ndiyo maana nasema neno kibaraka linatupotosha. Linampa mtu mzima, mwenye akili kali na uzoefu wa miaka 40, kisingizio ambacho hastahili. Aliyoyafanya kwa Waingereza yana maelezo. Aliyoyafanya kwa wakulima wa Amara, huko kusini, na kwa wapiga kura wa Baghdad yalikuwa chaguo lake.

Mwisho ulikuja haraka. Mwaka 1955 aliiingiza nchi katika Mkataba wa Baghdad pamoja na Uturuki na Uingereza, akajifanyia adui katika Nasser wa Misri. Usiku wa tarehe 26 Julai 1956 alikuwa London, mezani kwa Waziri Mkuu Eden, habari zilipofika kwamba Nasser ametaifisha Mfereji wa Suez. Nuri alimshauri mwenyeji wake ampige, na ampige sana. Miezi mitatu baadaye Uingereza ilipiga kweli, ikiwa bega kwa bega na Ufaransa na Israel, na hakuna mwanasiasa wa Kiarabu aliyebaki uchi mbele ya watu wake kama Nuri.

Alfajiri ya tarehe 14 Julai 1958 wanajeshi waliotakiwa kwenda Jordan walisimama Baghdad na kuupindua ufalme. Mfalme Faisal wa Pili, kijana wa miaka 23, aliuawa pamoja na Abd al-Ilah. Nuri alitoroka, akavuka mto, akafichwa na marafiki usiku mmoja. Kesho yake alitoka amejifunika baibui la kike. Watu wakamtambua katika mtaa wa Bataween, akauawa palepale. Akazikwa, akafukuliwa, maiti yake ikaburutwa mitaani.

Mtaa wa Bataween uko kando ya barabara ya Sa'dun, inayobeba jina la waziri mkuu yule aliyejiua mwaka 1929. Yeye alijengewa sanamu.