Adabu zilivyoninyima kazi

Mwalimu wetu wa Kiingereza, chaki daima nyuma ya sikio, alituasa: ukiongea na mkubwa usiseme "can", sema "could". Ndiyo heshima. Mimi niliyelelewa kwa shikamoo nikalishika hilo kama dua ya kulalia.

Mwaka 2014 nikaitwa usaili Arusha, kazi ya kuendesha watalii. Leseni safi, uzoefu miaka 6, shati la kuazima lenye kola inayokaba. Nikafika nimechelewa dakika 20, nikaingia getini mbio. Ndani kulikuwa na mama mmoja Mwingereza, miwani kwenye ncha ya pua.

"Can you drive a Land Cruiser?"

Nikanyoosha mgongo. "I could, madam."

Kalamu ikasimama. Akauliza, lini hiyo?

"Every day, madam!"

Akauliza kama naweza kubadilisha tairi. I could. Kuona vizuri usiku? I could, tena kama paka. Kuogelea? I could, madam, I could! Kila nikizidisha heshima, uso wake unazidi kunywea. Mwisho sauti ikashuka kama ya mtu aliyeingia msibani: "What happened?"

Nikajua anauliza kwa nini nimechelewa. Na kweli lori lilikuwa limelala katikati ya barabara pale Usa River. "Accident, madam."

Mama wa watu akashika kifua. Akanimiminia chai mwenyewe, akatia sukari, akanikorogea. Moyoni nikasema, kazi hii hapa.

Kumbe (haya nilikuja kuambiwa na binti yangu wa darasa la sita, na hakuficha kicheko) "could" ya heshima ni ya kuombea: "could you" unipatie maji. Ukiulizwa uwezo wako wewe, jibu ni "can" tu, hata mbele ya rais. Ukisema "I could" peke yake, umesema niliweza. Zamani. Kabla sijapatwa.

Chai ikaisha. Akaniinamia, taratibu: "Can you walk to the gate?"

Adabu hazina likizo. "I could, madam."

Akabonyeza kengele. Akaja yule yule askari wa getini, akapewa maagizo, akanidaka kwapani. Tukaenda hatua kwa hatua, mama amesimama mlangoni anatusindikiza kwa macho. Tulipofika kwenye maua askari akaninong'oneza:

"Kaka, si uliingia hapa unakimbia? Wamekufanya nini humo ndani?"