Kerezo kwanza, printa ya 3D baadaye

Mgeni rasmi akitembelea karakana ya jamii, najua kabla hajafika ataonyeshwa nini. Ataonyeshwa printa ya 3D, mashine inayojenga kitu kwa tabaka za plastiki, ikichapa kishikizo cha funguo chenye jina lake. Atapigwa picha akiwa amekishika, atawapongeza vijana wetu wabunifu, ataomba wadau waunge mkono juhudi, kisha watu watahamia kwenye soda na sambusa. Kerezo lililoko kona ya nyuma, ile mashine inayozungusha chuma ili kichongwe, hakuna atakayempeleka kuliona. Siku hiyo mara nyingi limefunikwa turubai, maana lina mafuta.

Nazipenda karakana hizi, na Jumamosi zangu nyingi zinaishia humo, kwa hiyo maneno yangu yachukuliwe kama ya mtu wa nyumbani. Kwa ambaye hajawahi kuingia: ni mahali penye mashine na zana ambazo mtu mmoja hawezi kununua peke yake, ukalipa ada kidogo au ukajitolea kazi, ukazitumia. Wengine wanauza mchoro, wengine wanatengeneza roboti za watoto wa shule, wengine wanakuja tu kuchomelea geti. Aina inayojulikana zaidi duniani ni Fab Lab, iliyotokana na kazi ya Neil Gershenfeld pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani. Mwaka 1998 alianzisha somo la jinsi ya kutengeneza karibu kila kitu, na mwaka 2003 Fab Lab ya kwanza ya jamii ikafunguliwa mtaa wa South End, Boston. Tangu hapo zimesambaa, na kwetu zimefika.

Shida yangu ni kwamba zimefika na fenicha zao. Ulaya na Marekani karakana ya jamii inajaza pengo la mafundi. Mjini Amsterdam mwaka 2009 Martine Postma alianzisha Repair Café, watu wakawa wanakutana na kutengeneza pasi, taa na redio zao kwa kusaidiana, kwa sababu huko kumpata mtu wa kufungua pasi yako kwa bei ya maana ni kazi. Sasa niambie, Manzese au Gikomba utatembea hatua ngapi kabla hujamkuta fundi pasi? Mafundi tunao mpaka chini ya miembe. Kinachowakwamisha ni vitu vingine kabisa: kipimo sahihi, spea ambayo kiwanda kimeacha kuitengeneza, mashine ya kukereza shafti, umeme wa uhakika, na mtu wa kuwachorea. Hivyo ndivyo karakana inavyo. Na bado fundi wa mtaani ndiye mtu adimu kuliko wote mle ndani.

Nieleze jambo moja nililolishuhudia, maana linabeba karibu hoja yangu yote.

Dada mmoja mshonaji alikuja na cherehani ya zigizaga ya zamani, aina ambayo tumboni ina gia za plastiki. Plastiki ile ikizeeka hukauka na kupasuka, na gia moja ilikuwa na ufa kuanzia tundu la katikati hadi kwenye jino. Kariakoo walimwambia spea hiyo haipo tena, anunue mashine nyingine. Alikuja pamoja na mzee fundi cherehani wake, aliyeifungua mwenyewe na kuileta ile gia kwenye mfuko wa rambo.

Kijana wetu wa kompyuta aliamkia, akaichukua, akapima kwa kalipa unene, tundu na kipenyo, akahesabu meno, akachora. Aliilaza gia chali kwenye printa, na hapo alifanya sahihi: kitu kinachochapwa kwa tabaka huachia pale tabaka zinapokutana, kwa hiyo ukiisimamisha gia, meno yatakatika moja moja. Hakutumia PLA pia, ile plastiki ya kawaida ya printa hizi. PLA inachapika vizuri lakini huanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hivi, na ukitaka kuhakikisha, kiache kitu cha PLA kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Dar mwezi wa pili. Akatumia nailoni.

Ilipotoka, tundu lilikuwa dogo, gia ikagoma kuingia kwenye shafti. Ni kawaida, matundu ya printa hizi hutoka membamba kuliko mchoro. Kijana akarudi kwenye kompyuta kuongeza nukta mbili za milimita ili achape upya. Mzee akamuuliza, "Kijana wangu, hapa hamna tupa ya duara?" Akapewa. Akakaa kwenye stuli, anazungusha tupa, anapuliza vumbi, anajaribu kwenye shafti, anazungusha tena. Kabla mchoro haujasahihishwa, gia ilikuwa imeingia, imekaza bila kulazimishwa.

Mashine ikafungwa, ikawashwa, ikazunguka vizuri, na sote tukafurahi. Ila haikushona. Ilikuwa inaruka mishono. Kijana akaanza kuitilia shaka gia yake, akaitoa, akaipima tena meno. Mzee alikuwa anacheka kimya kimya. Gia haikuwa na tatizo lolote. Ukishaitoa gia ya chini, ile ndoano inayodaka uzi inapoteza mwendo wake na sindano, lazima uiseti upya taimingi: sindano ianze kupanda kidogo tu kutoka chini kabisa, na hapo hapo ncha ya ndoano iwe inapita nyuma yake, juu kidogo ya tundu la uzi. Alilegeza skrubu, akazungusha gurudumu kwa mkono, akachungulia, akakaza. Mashine ikashona kitambaa cha jinzi kilichokunjwa mara nne.

Hakuna hata mmoja kati ya wale wawili ambaye angeimaliza ile kazi peke yake. Na mzee yule, mpaka leo, si mwanachama. Fomu ya uanachama inataka barua pepe, inataka ueleze wazo lako bunifu na soko lake, na imeandikwa Kiingereza. Yeye hana wazo bunifu, ana cherehani za watu zinazomsubiri.

Wenzangu wakisikia hivi hunijibu kwamba kutengeneza vilivyoharibika ni kazi ya mtaani, karakana ipo kwa ajili ya uvumbuzi. Haya, tuzungumzie uvumbuzi. Kifaa kilichobuniwa ukanda huu na kuingia jikoni kwa watu wengi kuliko vyote ninavyovijua ni jiko la mkaa lenye udongo ndani, lililoanzia Kenya mapema miaka ya 1980. Wazo la mwanzo lilichukuliwa kwenye jiko la ndoo la Thailand. Toleo la kwanza lilikuwa na umbo la ndoo hiyo hiyo, udongo umejaa juu hadi chini, zito na lenye tabia ya kupasuka. Umbo tunalolijua leo, kiuno chembamba, chini pana, udongo nusu ya juu tu, lilipatikana baada ya mafundi bati wa Shauri Moyo na Kamukunji, Nairobi, kuingizwa kwenye kazi. Wao ndio walikuwa wanajua bati linakunjwa vipi bila kupoteza kipande, na jiko gani halipinduki sufuria ya ugali ikisongwa juu yake. Likaigwa na kila mwenye nyundo. Tanzania tukalipokea kwa jina la jiko bora, na hakuna aliyehitaji kutangaziwa sana, kwa sababu mtengenezaji alikuwa jirani.

Linganisha na vifaa vingapi vilivyoshinda mashindano ya ubunifu, vikapewa hundi ya bango, halafu vikaishia kwenye kabati la kioo mapokezi. Sisemi vijana hawana akili. Dar es Salaam vijana wa karakana ya STICLab waliunda printa za 3D kwa kutumia vipande vya mashine chakavu, na Lomé, Togo, Kodjo Afate Gnikou alifanya vivyo hivyo mwaka 2013 kwa skana na printa zilizotupwa. Hiyo ni kazi ya kuvuliwa kofia. Lakini angalia walichokifanya: waliingia jalalani, wakafungua, wakachambua, wakaunga. Ni ufundi wa mtaani huo huo, wenye kompyuta pembeni.

Arusha wana mfano ulio wazi zaidi. Bernard Kiwia alikuwa fundi baiskeli. Akatengeneza chaja ya simu inayoendeshwa na gurudumu la baiskeli, na vifaa vingine vya namna hiyo, baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa Twende, karakana inayowafundisha watu wa kawaida kutengeneza wenyewe zana za kutatua shida zao. Fundi alikuwepo tangu kuanzishwa. Nairobi nako karakana ya Gearbox ya Dkt. Kamau Gachigi, ambaye kabla ya hapo aliongoza Fab Lab ya Chuo Kikuu cha Nairobi, imejengwa kwa fikra kwamba mtu mwenye wazo la chuma apate mashine ya chuma. Kwa hiyo sidai kitu kisichowezekana.

Ninachodai ni vitu vya kawaida mno, karibu naona aibu kuviandika. Karakana inafungwa saa kumi na moja jioni, muda ambao fundi ndiyo kwanza anafunga banda lake. Jumapili haifunguliwi kabisa. Fungueni jioni. Fomu iwe ya Kiswahili na iulize jina, simu, na unataka kutengeneza nini. Mkipata fedha za mashine mpya, kabla hamjaongeza printa ya nne, nunueni jiriwa nzito, drili ya kusimama, na lifufueni lile kerezo. Printa ya 3D inampa mtu umbo, lakini pampu ya kisima, mashine ya kusaga na bajaji vinadai shafti na bushi za chuma.

Wenye kuendesha karakana watanijibu kuwa kodi inalipwa na wafadhili, na wafadhili wanataka kuhesabu mawazo bunifu, hawataki kuhesabu bushi. Hoja hiyo ina uzito na siwabezi. Kutegemea ada za wanachama peke yake nako ni hatari: TechShop ya Marekani, kampuni ya karakana za wanachama iliyoanza California mwaka 2006 na kuwa na matawi miji kadhaa, ilifunga milango ghafla Novemba 2017 na kutangaza kufilisika. Kama huko ada za wanachama wenye mishahara hazikutosha kulipa pango na mashine, kwetu hazitatosha. Lakini kazi ya kukereza inalipwa kila siku huko mtaa wa Gerezani, Dar. Kuna fedha inapita nje ya geti letu kwenye mifuko ya mafundi wanaotafuta mtu wa kuwakerezea, na sisi tunaandika andiko la mradi kuomba fedha ya mafuta ya jenereta.

Hofu nyingine ni usalama, na hii naichukulia kwa uzito wote. Fundi wa mtaani anachomelea akiwa na ndala na miwani ya jua. Akiingia ndani, kanuni zimbane kama zinavyombana mwanafunzi. Majuzi fundi viti mmoja alikuja na roli ya ngozi bandia, anataka aikate kwa mashine ya leza, makochi kadhaa kwa mkupuo. Alikataliwa, akakasirika, akaona ni yale yale ya kubaguliwa. Hakuna aliyemweleza sababu, ndipo nikamwita pembeni: ngozi bandia nyingi ni plastiki ya PVC, na PVC ikiunguzwa na leza inatoa mvuke wa asidi, unaodhuru mapafu ya wote waliomo ndani na kulisha kutu reli za mashine. Akaelewa mara moja. Akauliza kama kitambaa cha pamba kinakubali. Kinakubali. Akauliza na bei.

Hapo ndipo tulipokwama, maana bei haikuwepo. Karakana yetu ina ada ya mwezi ya mwanachama na ina bei ya semina, haina bei ya mtu anayetaka dakika arobaini za leza Jumanne jioni. Nimependekeza kwenye kikao ibandikwe ukutani bei ya saa kwa kila mashine, kerezo likiwa juu ya orodha, nusu bei kwa atakayekubali kijana mmoja asimame pembeni ajifunze. Wengine wanasema nusu ni nyingi mno. Kikao kijacho tunaendelea kubishana, na safari hii nimemwomba mzee wa cherehani aje.