Ukoo wa "King" Carter: nasaba ni ya nani?

Robert Carter wa Virginia, koloni la Waingereza huko Amerika, aliyefariki mwaka 1732, hakuwa na taji, lakini watu wa zama zake walimwita "King". Alikuwa na mashamba ya tumbaku, na alikuwa na vyeo. Aliwahi kuwa Spika wa bunge la koloni na Mweka Hazina, akakaa katika Baraza la Gavana kwa zaidi ya miaka 30, na gavana alipofariki mwaka 1726 yeye ndiye aliyekaimu. Juu ya hayo alikuwa wakala wa ukoo wa Fairfax, uliomiliki ardhi ya Northern Neck, kati ya mito Potomac na Rappahannock. Kazi ya wakala ilikuwa kugawa ardhi hiyo, naye akawagawia wanawe na wajukuu zake. Alipokufa aliacha ekari zipatazo 300,000 na watumwa zaidi ya 700.

Uzao wake ni mkubwa kuliko mali yake. Wajukuu wawili, Benjamin Harrison na Carter Braxton, walitia saini Tangazo la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776, pamoja na kitukuu mmoja, Thomas Nelson. Kitukuu mwingine, William Henry Harrison, alikuwa rais wa Marekani mwaka 1841, na kinying'inya, Benjamin Harrison, akawa rais mwaka 1889. Jenerali Robert E. Lee, aliyeongoza jeshi la majimbo yaliyojitenga ili kuulinda utumwa, ni kilembwe wake kwa upande wa mama. Lugha yetu ina jina kwa kila ngazi ya uzao, na kwa ukoo huu ngazi zote zinahitajika.

Sasa, nasaba ya namna hii ina faida gani leo? Wapo wanaosema ingeachwa. Kwao, kuendelea kuchora mti wa mtu kama huyu ni kumpa heshima asiyostahili. Hoja hiyo si nyepesi. Mwaka 1708 Carter aliomba mahakama ya wilaya ya Lancaster ruhusa ya kuwakata vidole vya miguu watumwa wawili waliokuwa wakitoroka, Bambarra Harry na Dinah. Akapewa. Mtu anayejivunia kuwa kizazi cha kumi cha Carter anajivunia na hilo, hata kama kitabu chake cha ukoo hakina ukurasa wa Dinah.

Lakini ukimsikiliza Mmarekani mweusi anayewatafuta wazee wake, unaliona jambo kwa upande wa pili. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliotoka utumwani. Katika sensa za 1850 na 1860, orodha za watumwa zilimtaja bwana kwa jina, na chini yake zikaandika umri, jinsia na rangi tu. Anayetafuta akifika 1870 anagonga ukuta. Upenyo anaobaki nao, mara nyingi, ni makaratasi ya bwana, yaani wosia, orodha ya mali ya marehemu, hati za mali aliyopewa binti akiolewa na kesi za mirathi. Kwa hiyo ni lazima ajue Carter yupi alimwoza binti yupi kwa Burwell yupi (ukoo mwingine wa Virginia uliooana na wa Carter), kwa sababu bibi yake huenda alihamishwa siku ya harusi hiyo pamoja na vyombo na ng'ombe. Nasaba ya bwana ndiyo ramani ya mahali watumwa walipopelekwa. Ukiichana, umewapoteza na wao.

Ugumu unabaki kwamba karatasi hizo ziliandikwa na mwenye mali. Mwaka 1727 Carter alimweleza kwa barua msimamizi wake kwamba watumwa wapya alikwisha wapa majina, na kwamba majina hayo yalirudiwa mbele yao mara nyingi hadi kila mmoja akawa anaitikia. Miongoni mwa walioshushwa katika mito ya Virginia miaka ya 1719 hadi 1721 walikuwamo zaidi ya watu elfu moja kutoka Madagascar, jirani zetu wa bahari hii. Majina waliyopewa na mama zao hayamo katika orodha yoyote.

Baba pia hayumo. Sheria ya Virginia ya mwaka 1662 ilisema mtoto hufuata hali ya mama yake. Msomaji wa pwani, aliyezoea nasaba kumfuata baba, atashangaa, lakini faida kwa bwana ilikuwa wazi: mtoto aliyemzaa na mtumwa wake alibaki mali yake. Ndiyo maana wanaowaambia wazao wa watumwa wanaodai damu ya Carter, "tuonyeshe hati kwanza", wana haki nusu. Ni kweli jina Carter peke yake halithibitishi damu, maana walioachwa huru walichukua majina kwa sababu nyingi, na kipimo cha vinasaba huonyesha undugu bila kumtaja babu mwenyewe. Lakini mtu hawezi kudaiwa hati ambayo sheria ilikusudia isiwepo.

Kwangu mimi, mti wa ukoo huu uchorwe, na uchorwe wote. Orodha ya mali ya Carter iliyotengenezwa baada ya kifo chake inawataja watumwa shamba kwa shamba. Majina hayo yawekwe katika kitabu kilekile, si katika kiambatisho, na mwenye hati za familia kabatini azifungue.

Mfano umo ndani ya ukoo wenyewe. Mjukuu wa King, Robert Carter wa Nomini Hall, naye mjumbe wa Baraza la Gavana, aliandika mwaka 1791 hati ya kuwaacha huru, hatua kwa hatua, watumwa zaidi ya 450. Aliambatanisha orodha ya majina na umri wao, kwa kuwa zamu ya kila mmoja ilitegemea umri wake, akaisajili mahakamani. Alifariki Baltimore mwaka 1804. Leo yupo mtu anayeweza kuweka kidole juu ya mstari mmoja wa orodha ile na kusema, huyu ni babu yangu, na mwaka huo alikuwa na umri huu.