"Picha: Google" siyo ruhusa jamani

Kuna kitu kinaniudhi kila nikifungua makala mtandaoni, au hata nikishika kipeperushi kilichoprintiwa vizuri kabisa, karatasi nzito, rangi zimekaa, afu chini ya picha kwa herufi ndogo wameandika "Picha: Google". Au ile nyingine, "Picha kwa hisani ya mtandao". Sasa Google ukiacha yale magari yao yanayopita barabarani kupiga picha, lini kashika kamera? Kazi yake ni kukuonyesha picha ilipo, basi, na mwaka 2018 hata ile batani ya kufungua picha peke yake waliiondoa baada ya kukubaliana na Getty Images, kampuni ya kuuza picha, ili mtu aingie kwanza kwenye saiti picha ilikotoka. Yaani ukiandika "Picha: Google" hujamtaja mwenye picha, umeweka tu kwa maandishi kwamba umeokota na hujui ni ya nani. Bora hata ungenyamaza.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba picha za bure na za halali zipo, tena zimejaa hadi kero. Watu hawakosi picha, wanachukulia mahali ambapo mwenyewe hayupo. Kwangu mimi picha ya bure ni ile ambayo mtu akikuuliza "nani kakuruhusu?" unaweza kumfungulia ukurasa ukamwonyesha, huyu hapa, kasema chukua, na masharti yake haya. Kama huwezi kuonyesha hapo, hiyo ni picha ya mtu.

Maana wengi bado wanaamini picha ikiwa haina ile alama ya © au haina maandishi yamepitishwa katikati basi ni ya wote. Hapana. Kwa Mkataba wa Berne, ambao ulianza 1886 na nchi nyingi sana duniani zimo, hakimiliki inakuja yenyewe kazi inapotengenezwa, haidai alama wala usajili. Mtu kapiga picha kwa simu akiwa amekaa zake, ina mwenyewe tayari. Na wala usidhani ukitaja ulikoitoa ndo umepona. Kuna kesi ya Ujerumani, mwanafunzi alitoa picha ya mji wa Córdoba kwenye saiti ya mambo ya safari, akaiweka kwenye kazi ya shule, tena akaandika chini kaitoa wapi, shule ikaiweka kazi ile kwenye tovuti yake. Mpiga picha akashtaki. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kuiweka upya kwenye tovuti nyingine kunahitaji ruhusa mpya ya mwenyewe, hata kama kule mwanzo ilikuwa inaonekana bure kwa kila mtu. Hiyo ni kazi ya shule, haiuzi kitu! Sasa wewe unayetangazia biashara.

Haya, za bure zinapatikana wapi na zinasomwaje.

Ukiwa lazima uanzie Google, anzia, ila ukishatafuta picha bonyeza Zana, afu Haki za matumizi, uchague Leseni za Creative Commons (CC), yaani ruhusa ambazo mwenye picha kaziandika mapema na masharti yake. Zinabaki chache lakini zenye maana. Hata hapo usiishie kwenye matokeo, Google anasoma tu kile saiti ilichojitangazia, ingia kwenye ukurasa wenyewe usome kwa macho yako. Mi siku hizi naruka hiyo hatua naenda moja kwa moja Wikimedia Commons, ghala la picha la wale wa Wikipedia, ina faili zaidi ya milioni 100, au Openverse ambayo inatafuta kwenye makusanyo mengi kwa mpigo. Flickr, saiti ambako watu wanapandisha picha zao, pia ipo lakini pale kaa macho, picha nyingi zimefungwa haki zote, lazima uchuje kwa leseni.

Creative Commons yenyewe ilianza 2001, leseni za kwanza zikatoka 2002, na watu wanaziogopa bure kwa sababu ya zile herufi. Ziko nne tu. BY maana yake mtaje mwenyewe. SA, ukiibadilisha na kuisambaza hiyo kazi yako mpya nayo iachie kwa masharti yaleyale. ND, usisambaze toleo ulilolibadilisha. NC, isiwe kwa biashara. Zinachanganywa zinapatikana leseni sita, afu kuna CC0 ambayo mwenyewe kasema kwaheri, fanya utakalo, hata jina langu si lazima uliweke.

Sasa hii NC ndo mtego. Watu wanaona "mimi siuzi picha, naandika tu blogu" lakini blogu ina matangazo pembeni, au kile kijitabu ni cha taasisi isiyo ya faida lakini kinauzwa kurudisha gharama za kuprinti, hapo ni biashara au siyo? Unaweza kubishana mpaka asubuhi. Msimamo wangu, kama kuna hata harufu ya hela iache hiyo picha, tafuta nyingine, usianze kujenga hoja za kisheria kwa ajili ya picha ya mti. Na hii ndo sababu nyingine naipenda Commons, kwa kawaida NC na ND hazipokelewi pale kabisa, kichwa kinapumzika.

Kutaja mwenyewe watu wanafanya kama adhabu wakati ni mstari mmoja. Inakaa hivi: Picha: jina la mpiga picha kama alivyoliandika yeye, kupitia Wikimedia Commons, CC BY-SA 4.0. Mtandaoni jina liwe na linki ya ukurasa wa picha, na ile CC BY-SA 4.0 iwe na linki ya leseni. Umeikata au umeibadili rangi? Ongeza "imehaririwa". Kwenye karatasi ambako hakuna kubonyeza unaandika anwani kwa ufupi, na kama ukurasa umebanana unakusanya majina yote nyuma ya kijitabu na namba za kurasa. Hiyo namba 4.0 nayo isikupite hivihivi. Toleo la 4.0 ukikosea ukarekebisha ndani ya siku 30 tangu ugundue, haki yako ya kuitumia inarudi yenyewe. Matoleo ya zamani kama 2.0 hayana huruma hiyo, ukikosea leseni imekatika palepale, na kuna watu wamegeuza hilo kuwa mradi, wanapandisha picha kwa leseni za zamani wanasubiri mtu asahau jina afu wanamtumia bili. Kwa hiyo CC 2.0 ukiikuta iandikie kila kitu kikamilifu, au ipite.

Afu kuna saiti za picha za bure, Unsplash, Pexels na Pixabay, ambako kila mtu anakimbilia. Ni nzuri, kazi za haraka zinaokoa, huhitaji kutaja mtu na unaweza kutumia hata kibiashara. Ila bado kuna wanaosema "ziko CC0", hizo ni habari za zamani. Unsplash ilitoka kwenye CC0 mwaka 2017 na Pixabay 2019, zote zina leseni zao sasa, na leseni hizo zina makatazo, kwa mfano huwezi kuchukua picha ilivyo ukaiprinti bango ukauza kana kwamba ni bidhaa yako. Safu ya juu kabisa ya matokeo mara nyingi ni tangazo la picha za kulipia, usije ukabonyeza huko ukashangaa. Na picha inapandishwa na yeyote, kwa hiyo ile inayoonekana ya kifahari mno itupie kwanza Google Lens au TinEye, zinazotafuta picha kwa kutumia picha yenyewe, uone kama haiko kwa mtu mwingine anayeiuza. Ila ugomvi wangu mkubwa na hizi saiti wala si wa sheria, ni kuchosha! Yule dada wa laptopu na kikombe anayecheka na skrini nimemkuta kwenye benki, kliniki, kanisa na kampuni ya kuua wadudu.

Ndo maana nawasukuma watu kwenye makumbusho. Metropolitan ya New York mwaka 2017 iliachia picha zaidi ya 375,000 za kazi zake kwa CC0. Smithsonian ikafuata 2020 na picha kama milioni 2.8. Rijksmuseum ya Amsterdam wako vizuri sana, unapakua mchoro wa karne ya 17 kwa ukubwa wa kuhesabu mipasuko ya rangi. Picha nyingi za NASA hazina hakimiliki, ila nembo yao usiiguse. Wachache mno wanatumia hizi, kwa hiyo kazi yako haifanani na ya jirani.

Na Maktaba ya Bunge la Marekani, hapo kuna kisa. Carol Highsmith, mpiga picha, aliipa maktaba ile picha zake kwa maelfu ili wananchi watumie bure. Mwishoni mwa 2015 taasisi yake ikapokea barua ya kudaiwa dola 120 kwa kutumia picha ambayo kaipiga yeye mwenyewe! Akawashtaki wauzaji wa picha mwaka uliofuata akidai dola bilioni moja, na mahakama ikayatupa madai yake ya hakimiliki. Inauma lakini ndo ilivyo, kitu kikishakuwa mali ya umma hata wauzaji wanaruhusiwa kukiuza. Kwa hiyo mambo mawili: picha ya zamani ukiona inauzwa angalia kwanza kama haipo bure kwenye maktaba fulani, na siku unayopakua piga skrinshoti ya ukurasa wenye leseni uiweke folda moja na picha. Barua ikija una la kujibu.

Leseni ya picha pia haimfungi aliyemo ndani ya picha. Mwaka 2007 Virgin Mobile ya Australia, kampuni ya simu, ilichukua Flickr picha ya binti wa Texas, leseni ilikuwa CC BY, mpiga picha karuhusu hata biashara, wakaiweka kwenye bango na maneno ya kumtania. Binti mwenyewe hakuwa na habari. Familia ikashtaki, kesi ikaishia kwamba mahakama ya Texas haina mamlaka juu ya kampuni ile, lakini fikiria aibu yenyewe. Sura ya mtu kwenye habari ni jambo moja, sura yake kwenye tangazo, hasa la ugonjwa au madeni, ni jingine kabisa. Kama huna ridhaa yake weka picha ya mikono, jengo, chochote.

Kwa wanaoprinti, haraka haraka: pikseli 300 kwa inchi. Ukurasa mzima wa A4 unataka picha ya 2480 kwa 3508. Ile yenye upana wa 1200 inayong'aa kwenye simu, kwenye karatasi inakupa kama sentimita 10 tu, ukiivuta inakuwa uji. Na usitume picha za kuprinti kwa WhatsApp kama picha, tuma kama dokyumenti, vinginevyo inabanwa. Kwenye Commons pakua faili halisi, siyo ile ndogo ya kutazamia.

Na ukiipenda picha ambayo haina leseni yoyote, muulize mwenyewe bana. "Habari, nimeipenda picha yako hii (linki), naomba kuitumia kwenye kijitabu cha kurasa 20, nakala 500, kinagawiwa bure, nitaandika jina lako chini yake. Unaruhusu?" Sema wapi, ngapi, kwa muda gani, kama kuna hela au hakuna. Wapiga picha wengi hawajawahi kuulizwa kistaarabu hivyo na unashangaa wanavyokubali, wengine wanakutumia na faili kubwa zaidi. Akijibu ndiyo, jibu lake nalo liingie kwenye ile folda. Asipojibu ndo hajajibu, rudi Commons.