Sikio haliuoni mpaka wa Ras Kamboni

Mtu anapoomba hifadhi Uingereza bila hati yoyote, akisema yeye ni Mbajuni wa visiwa vya kusini mwa Somalia, sauti yake huweza kurekodiwa kwa simu na kupelekwa kwa wachunguzi wa lugha ili waseme ametoka wapi. Serikali ina hoja ya haki. Tangu dola ya Somalia ilipovunjika mwaka 1991 hati za kuaminika zimekuwa adimu, na mtu wa pwani ya Kenya anaweza kujidai kuwa wa Chula, kimojawapo cha visiwa hivyo. Mtaalamu makini husikia mengi, na pengine ripoti yake ndiyo humwokoa mkweli ambaye maofisa walikuwa wamemkatalia.

Lakini Kibajuni chenyewe, ambacho ni lahaja ya Kiswahili, hakiishii Somalia. Kinazungumzwa kutoka Kismayu, kupitia Koyama, Chovai na Chula, hadi Kiunga na Faza, ambako tayari ni Kenya. Mpaka unaokikata ni wa wakoloni. Kismayu ilikuwa mikononi mwa Waingereza hadi mwaka 1925, Jubaland, jimbo lenye mji huo, ilipokabidhiwa Waitalia. Anayesema «nchu» pale tunaposema «mtu» anajulikana kuwa Mbajuni, ila neno hilo halielezi alizaliwa kusini au kaskazini ya Ras Kamboni, penye mpaka wa Kenya na Somalia.

Anayeumia zaidi ni yule ambaye Kibajuni chake kimefifia. Wabajuni wengi walikimbilia Mombasa vita vilipoanza, wakaishi katika kambi ya Jomvu, wakafanya biashara na wenyeji. Mtoto aliyelelewa hapo atazungumza kama watoto wa Mombasa, na kwa sababu hiyohiyo ya ukimbizi ataambiwa kuwa ni Mkenya. Isitoshe, mahojiano yakiendeshwa kwa Kiswahili sanifu, yeye naye atajibu kwa sanifu. Nani kati yetu asiyefanya hivyo? Mtu wa Lamu akiingia ofisini Nairobi huiacha lahaja yake mlangoni, wala hilo halimfanyi kuwa mwongo.

Wanaisimu wenyewe walitahadharisha mapema: mwongozo uliotolewa na kundi lao mwaka 2004 ulieleza kwamba lugha huonyesha jamii iliyomlea mtu, na kwamba uraia ni jambo la kisiasa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la waombaji wawili waliosema wametoka Somalia, ilikataa ripoti za namna hii zipewe uzito uliopangwa kabla, na ikahoji wachambuzi waliotoka nje ya lugha na kupima jinsi mwombaji anavyoijua nchi yake.

Sidai kwamba uchunguzi huu ufutwe. Ripoti inayosema «huyu amelelewa miongoni mwa Wabajuni» inamsaidia hakimu, na inaweza kutetewa. Inayosema «bila shaka ni Mkenya», pasipo kuuliza alikimbilia wapi, kwa miaka mingapi, na mahojiano yalifanyika kwa Kiswahili cha nani, imedai jambo ambalo rekodi ya simu haiwezi kuwa nalo.