Friwili Iliyoganda

Siku niliyoisukuma baiskeli yangu hadi kwa fundi, Ngamiani, Tanga, mzee hakuniuliza ina shida gani. Aliitikia shikamoo yangu, akanyanyua gurudumu la nyuma kwa mkono wa kushoto, akaipiga pedeli kwa kiganja. Gurudumu likazunguka na pedeli zikazunguka nalo, hazitulii. Akashika tairi, pedeli zikasimama. Akalirudisha gurudumu nyuma, pedeli nazo zikarudi kinyumenyume.

"Friwili imeganda," akasema. "Iache, njoo jioni."

Nikamweleza kwamba haijaganda, imetengenezwa hivyo, na kwamba Berlin nilikoinunua watu huitafuta kwa sababu hiyohiyo. Akatafuta waya za breki kwenye usukani, hakuziona. "Na kusimama?" Nikamwonyesha miguu yangu. Vijana wawili waliokuwa wanaziba pancha pembeni wakaacha kazi, wakaja kutazama.

Baiskeli za namna hii wenyewe huziita fiksi. Spoketi ya nyuma, kile kigurudumu cha meno kinachovutwa na cheni, imefungwa moja kwa moja kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu; hakuna friwili, kile kidude kinacholia tiktiktik unapoacha kupiga pedeli kwenye mteremko. Gurudumu likienda, miguu inakwenda. Ukitaka kupunguza mwendo unaikaza miguu kinyume. Wengi huongeza breki ya mbele, na kuna kundi ambalo kwao breki yoyote ni najisi. Hao ndio waliosababisha kesi, misako na mabishano huko Ulaya, Marekani na Japani, na kwa miaka minne mimi nilikuwa mmoja wao.

Shida ya mjadala wenyewe ni kwamba neno fiksi limefunga mzigo mmoja vitu viwili visivyo na udugu: gia moja, na kukosa breki. Cha kwanza nakitetea mpaka kesho. Cha pili nilikishabikia na nimekiacha, ingawa wanaokipiga vita nao wana yao.

Tuanze na gia moja, maana wengi hudhani ni mtindo wa vijana wenye ndevu na kahawa ya bei mbaya. Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, ilianza 1903, na kwa zaidi ya miaka thelathini gia za kubadilisha kwa cheni hazikuruhusiwa. Mwanzilishi wake, Henri Desgrange, alizidharau. Kwake mashindano yalikuwa ya misuli, si ya mitambo. Mpanda baiskeli akifika chini ya mlima alishuka, akachomoa gurudumu la nyuma, akaligeuza upande wenye spoketi nyingine, akapanda tena. Ruhusa ya gia ilitoka 1937, Desgrange akiwa ameshauachia usukani.

Nguvu ya baiskeli ya gia moja iko kwenye vitu isivyokuwa navyo. Waya wa gia haukatiki kwa sababu haupo. Cheni inakwenda mstari mmoja ulionyooka, hivyo inadumu. Wakati wa baridi Wajerumani wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inakula kila kijipini cha baiskeli za gia ishirini na moja. Yangu niliipangusa kwa tambara na mafuta kidogo, basi. Mkazi wa Tanga hahitaji kuelezwa haya. Phoenix ya Shanghai, Hero na Avon za Ludhiana, India, Raleigh ya Nottingham iliyozitangulia zote, ndizo zilizobeba mkaa, madumu ya maji, magunia ya mahindi na bibi harusi kwa gia moja tu. Bodaboda zilianzia mpakani Busia kwa baiskeli za aina hiyo, kabla pikipiki hazijalichukua jina.

Sasa breki. Baiskeli isiyo na breki haikuzaliwa barabarani, ilizaliwa uwanjani. Japani wana mchezo wa keirin, mbio za baiskeli zinazochezewa kamari kihalali, zilizoanza mjini Kokura mwaka 1948 na baadaye kuingia Olimpiki ya Sydney, 2000. Baiskeli zake zina gia moja, hazina friwili, hazina breki. Ukiwa uwanjani jambo hilo lina akili: wote wanakwenda upande mmoja, hakuna anayekatiza, na atakayefunga breki ghafla atawaangusha walio nyuma yake. Kule, kukosa breki ni usalama. Mtoto hakimbilii mpira katikati ya uwanja wa keirin.

Waliozitoa uwanjani na kuziingiza mitaani, kwa jinsi inavyosimuliwa, ni matarishi wa New York, na wahamiaji kutoka Karibiani walikuwa mstari wa mbele. Miaka ya 1980 bahasha ya mawakili au ya kampuni za matangazo iliyotakiwa kufika ndani ya dakika ishirini ilipanda baiskeli. Tarishi alilipwa kwa bahasha, si kwa saa. Baiskeli rahisi, nyepesi, isiyo na cha kuharibika, ilikuwa na maana mfukoni mwake. Jiji halikuwapenda: mwaka 1987 Meya Ed Koch alijaribu kuzipiga marufuku baiskeli kwenye barabara tatu kubwa za katikati ya Manhattan saa za mchana, siku za kazi. Matarishi waliandamana, na marufuku ile ikaangukia mahakamani kabla haijaota mizizi.

Miaka ishirini baadaye mavazi ya tarishi yakavaliwa na watu ambao hawajawahi kubeba bahasha. Kuanzia 2008 Brooklyn ikawa na mashindano yake ya mitaani ya baiskeli zisizo na breki, Red Hook Crit, yaliyosambaa hadi Milano, Barcelona na London na kukoma baada ya 2018. Mimi niliingia katika mkumbo huo nikiwa mwanafunzi. Niliona fremu za Kiitaliano za miaka ya sabini, kazi ya mikono ya watu waliokwishafariki, zikikwanguliwa kwa tupa vishikizo vyote vya waya ili zionekane safi. Lile lilinikera hata wakati ule.

Lakini niwatendee haki. Kuna ufundi katika kusimamisha baiskeli kwa miguu, na anayeudharau hajaujaribu. Unasogeza nyonga mbele mpaka karibu na usukani ili gurudumu la nyuma liwe jepesi, unafunga goti pedeli zikiwa sambamba na barabara, tairi linagoma na kuburuzika. Ukilisikia linaanza kwenda upande, unaachia, unafunga tena. Kuna hata hesabu yake. Ukiwa na meno 48 mbele na 16 nyuma, gurudumu linazunguka mara tatu kamili kwa kila mzunguko wa pedeli. Kwa hiyo, kama mguu wako wa mbele ni uleule kila unapofunga, tairi linaburuzika sehemu moja tu. Baada ya wiki chache uzi mweupe unachungulia pale. Weka 47 kwa 17, na michubuko inagawanyika sehemu 17. Matarishi wanaijua hesabu hii kama muuza samaki anavyojua kupwa na kujaa.

Wanasema pia kwamba baiskeli hii inakufundisha kutazama mbali. Huwezi kubweteka. Unaisoma barabara kuanzia mataa yanayofuata, si yaliyo mbele yako, kwa sababu kosa litalipwa na magoti. Hilo ni kweli, na bado naendesha hivyo leo. Ila ni hoja ya kuwa na fiksi, haikatazi kuweka breki ya mbele juu yake. Kila nilipowauliza wenzangu kwa nini basi wasiiweke, jibu lilirudi kwenye sura ya baiskeli. Inaharibu mstari, wakasema.

Hesabu nyingine haina huruma. Ukipunguza mwendo, uzito unaegemea mbele: gurudumu la mbele linaikamata lami, la nyuma linakuwa jepesi. Ukiwa kilomita 25 kwa saa kwenye lami kavu, breki nzuri ya mbele iliyokamatwa kwa adabu itakusimamisha ndani ya mita 5 hivi. Gurudumu la nyuma peke yake, hata ulifunge vipi, litataka karibu mara mbili ya hapo. Na miguu ya fiksi inashika la nyuma tu. Ujuzi wote ule wa nyonga na goti ni wa kuchota kilichobaki kwenye gurudumu lenye kidogo.

Halafu kuna cheni. Kwenye fiksi isiyo na breki, cheni ndiyo breki. Yangu iliruka kwenye spoketi usiku mmoja wa Novemba, mvua nyembamba, nikiteremka kuelekea njia panda. Pedeli zikawa nyepesi ghafla kama ngazi iliyokosa daraja. Nikafanya tulichokuwa tunafanya utotoni Tanga breki ya Phoenix ya baba ilipokufa: nikashusha soli ya kiatu kwenye tairi la nyuma. Ilipunguza, haikusimamisha. Mapipa ya taka ya mgahawa ndiyo yaliyonisimamisha, na kovu la kiwiko ninalo.

Sheria za huko zimelishughulikia jambo hili kwa namna tofauti. Uingereza, kwa kanuni za 1983, inakubali gurudumu la fiksi kama breki ya nyuma, ila inataka breki ya mbele. Naona hapo wamepiga penyewe. Ujerumani inataka breki mbili zinazojitegemea, na mwaka 2009 polisi wa Berlin walifanya msako na kuzikamata fiksi. Kichekesho kilikuwa Portland, Oregon, 2006. Sheria ya jimbo inataka baiskeli iwe na breki inayoweza kuliburuza tairi kwenye lami kavu iliyo tambarare. Miguu ya fiksi inafanya hivyo hasa, pengine kuliko breki nyingi za dukani. Hata hivyo hakimu alimtoza faini tarishi aliyesimama mbele yake: miguu si kifaa kilichofungwa kwenye baiskeli. Kwa maneno ya sheria nadhani tarishi alionewa. Kwa cheni yangu ya Novemba, hakimu alikuwa na akili.

Kesi iliyoumiza ni ya London. Februari 2016 kijana wa miaka 18, akiendesha fiksi isiyo na breki ya mbele, aligongana na mama wa miaka 44 aliyekuwa anavuka barabara. Mama alifariki. Mwaka uliofuata mahakama ilimwachia kijana shtaka la kuua bila kukusudia, ikamtia hatiani kwa sheria ya 1861 iliyoandikwa enzi za magari ya farasi, akafungwa miezi 18. Sina utetezi wa baiskeli ile. Mama yule hakuwa kwenye mchezo wa mtu yeyote.

Ila tazama kilichofuata. Magazeti yaliandika kana kwamba miji imevamiwa. Uingereza hupoteza mamia ya watembea kwa miguu kila mwaka, na waliogongwa na baiskeli kati yao huhesabika kwa vidole. Mwaka 2025 muswada uliopelekwa bungeni ukapendekeza kosa jipya la kusababisha kifo kwa uendeshaji hatari wa baiskeli, adhabu yake ya juu ikiwa kifungo cha maisha, sawa na ya dereva wa gari. Familia ya marehemu ilistahili sheria iliyo bora kuliko ya 1861, hilo silipingi. Lakini chuma cha tani mbili na chuma cha kilo nane si hatari moja, na anayelala na hofu ya fiksi huku mtaa wake hauna hata njia ya waenda kwa miguu amechagua hofu iliyo rahisi.

Kuna jambo jingine ambalo wapinzani na washabiki hawaligusi. Anayeishi kwa baiskeli huwa hatupi breki. Goma, Kongo, wanaendesha chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, inayoteremka milima na mamia ya kilo za viazi na mkaa. Kwa vifaa ni maskini kuliko fiksi yoyote ya Berlin. Na bado nyingi zimefungiwa kipande cha tairi kuukuu juu ya gurudumu la nyuma, cha kukanyaga. Mwenye chukudu anajua mzigo utamfuata.

Jioni ile mzee alikubali kwamba friwili haijaganda. Kijana mmoja akasema basi na sisi tuchomelee friwili ya Phoenix, tupate kama hii. "Ukikaza miguu kinyume itajifungua yote," mzee akamjibu, akamwonyesha kwenye habu yangu ile pete ya pili inayoizuia spoketi, ambayo nyuzi zake hukazwa kushoto. Hakuwahi kuiona kabla ya siku hiyo. Nilipomwomba anifungie breki ya mbele akachungulia kwenye uma, kile kipande kinachoshika gurudumu la mbele, akatikisa kichwa: haukutobolewa tundu la breki, kama zilivyo uma nyingi za uwanjani. Akavuta gunia la mitumba, akachambua uma sita au saba, akapata mmoja unaoingia. Ulikuwa wa kijani, baiskeli yangu ni nyeusi.

Akaijaribu mwenyewe. Alipofika kona akasahau, akaacha kupiga pedeli kama mtu yeyote mwenye akili, na baiskeli ikamrusha kutoka kitini. Akarudi anacheka, ameishikilia breki mpaka vidole vimepauka. "Huyu punda humwambii subiri," akasema, akanitoza elfu kumi na tano. Yule kijana akaomba naye azunguke mara moja. Nikamwonyesha kwanza breki ilipo.